Jipu la Faki na Asili ya Ashakum

Msione watu wakiomba radhi kabla ya kutamka neno zito, mkadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Zamani za mababu wa babu zetu, neno la aibu lilikuwa la aibu tu, alisemaye awe nani. Aliyelitamka mbele za watu alizuiwa kuteka maji kisimani siku saba, wala haikuulizwa alikusudia nini.

Katika kijiji kimoja cha wakulima wa muhogo aliishi Mize, mke wa Faki. Faki aliota jipu mahali ambapo mtu hukalia. Siku ya tatu likavimba kama ndimu, homa ikampanda, akawa halali ila kifudifudi. Mize akaenda kwa mganga, Mzee Makame, akamkuta barazani na wazee wenziwe.

"Mume wangu ana jipu, mzee wangu."

"Liko wapi?"

"Nyuma."

Mganga akampa majani ya kubandika mgongoni. Mize alishangaa, lakini akayachukua. Pengine dawa hupita njia asiyoijua yeye. Akabandika, wapi! Akarudi kusema liko chini zaidi, akapewa mafuta ya kupaka visigino. Akapaka, huku Faki akimtazama asielewe. Akarudi mara ya tatu.

"Liko pale anapokalia, mzee wangu."

Makame akafikiri sana. "Basi kiti hicho kina husuda. Kifukize ubani."

Mize akaenda kufukiza kiti. Moshi ukimwingia machoni, hakujua tena kama mganga haelewi, au anaelewa ila anaogopa, au ni yeye mwenyewe aliyesahau namna ya kusema. Faki alikuwa ameanza kuweweseka, akimwita marehemu mama yake.

Mize akatoka mbio. Alipofika barazani alipiga magoti, na maneno yakamtoka asijue yametoka wapi.

"Ashakum, wazee wangu, si matusi. Jipu liko kwenye tako, na mume wangu anakufa."

Mzee mmoja, Khatibu, akaziba masikio, lakini alikuwa amekwisha kusikia. "Kisima," akasema. "Siku saba."

"Katukanwa nani?" akauliza Makame. "Umetukanwa wewe?"

Khatibu akafikiri. "Sijui."

Wengine nao hawakujua. Wakaulizana kama tusi limo katika neno au katika moyo wa msemaji, na hiyo ashakum ni kitu gani. Mize mwenyewe hakuweza kuwaambia. Makame hakungoja jibu. Alichukua wembe, akamfuata nyumbani, akalitumbua jipu. Alasiri homa ikashuka na Faki akaomba uji.

Wazee wakamwachia Mize kisima. Lakini kesho yake Khatibu alimgeukia Makame barazani, akasema kwa upole, "Ashakum si matusi, mwenzangu, wewe ni mpumbavu."

Hakuna aliyejua kama acheke au adai adhabu, na Makame akabaki akikuna kidevu.

Na tangu siku hiyo, mwenye neno zito hutanguliza ashakum, awe amekuja kumwokoa mtu au kumtukana. Ni lipi kati ya hayo mawili, msikilizaji huachiwa apime mwenyewe.