Vita Ambamo Hakuna Aliyetaka Kufa

Hapo zamani, na msianze kunitajia zile zamani za sungura kuwa na mkia mrefu, mimi nasema zamani za juzijuzi, mashine ya kusaga ilipokuwa imeshafika kijijini Mlalasi lakini lami bado, palikuwa na mwanamke aitwaye Odilia Kapinga. Mashine ilikuwa yake. Alikuwa mweupe wa unga kuanzia nyusi hadi viatu, na mdomo wake haukujua likizo.

Nyuma ya mashine kulikuwa na kilima. Juu ya kilima hicho babu za watu wa Mlalasi walisimama na mikuki, na askari wa mkoloni wakawapandia na bunduki. Walianguka wengi. Baba wa babu yake Odilia alianguka hapo, na hakuna ajuaye alilala chini ya jiwe gani. Kilichorudi nyumbani ni mkuki wake tu. Lakini mwisho wa siku ile askari waligeuka wakakimbia, na kilima kikabaki kwa wenyewe.

Basi ikaja barua. Barua ilisema kilima kitapasuliwa kupata kokoto za barabara. Odilia akaisoma mara tatu, akazima mashine, akalia mbele ya wateja bila kujificha. Alipomaliza kulia akafunga mlango, akaenda wilayani kumwona afisa wa mambo ya kale, mama mmoja mfupi mwenye mwavuli mkubwa na maneno machache.

"Mama, shikamoo. Kile si kilima cha mawe. Ni kaburi la babu zetu."

"Marahaba. Kaburi liko wapi?"

"Kilima chote."

"Mwanangu, siwezi kuandika kwamba kilima chote ni kaburi kwa kuwa tu umelia ofisini kwangu. Nionyeshe. Nitakuja baada ya miezi minne, tarehe ishirini na saba. Nikiona vita, nitaandika vita. Nikiona mawe, nitaandika mawe."

Sasa sikilizeni vizuri. Afisa alimaanisha ushahidi: maganda ya risasi yaliyookotwa, karatasi za zamani, vitu vya namna hiyo. Odilia alisikia vita. Akarudi Mlalasi mbio, akapanda juu ya kizingiti cha mashine na ule mkuki mkononi, akasema maneno ambayo baadaye aliyatafuta ayameze na hayakumezeka.

"Tutapigana upya vita vya babu zetu, na afisa ataviona kwa macho yake! Na yule atakayetuokolea kilima hiki, mkuki huu ni wake. Ataenda nao nyumbani, na kila mwaka tukipanda kuwakumbuka babu zetu atatutangulia nao, yeye na wanawe baada yake. Ila ni mtu mmoja tu, maana mkuki haukatwi vipande!"

Watu wakapiga vigelegele. Kikundi kikaundwa palepale kwenye foleni ya unga.

Odilia akafungua daftari. "Nani atakuwa shujaa?"

Ikainuka mikono themanini. Hata waliokuja kusaga mtama tu waliinua.

"Nani atakuwa askari wa mkoloni?"

Mikono ikashuka yote. Si mimi, akasema wa kwanza. Si mimi, akasema wa pili. Mimi goti linaniuma, akasema wa tatu, ambaye jana yake tu alicheza mpira.

"Atakayekuwa adui nitamsagia bila foleni mwaka mzima!"

Watu wakaitazama foleni, wakazitazama ndoo zao, wakabaki kwenye foleni. Wiki ikapita. Wiki ya pili ikapita. Kikundi kikawa na mashujaa themanini na hakuna wa kupigana naye, na Odilia akaanza kukonda.

Wiki ya tatu akaja Ansgari Nditi, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye hata akigongwa na baiskeli ya mteja huomba radhi yeye.

"Dada Odilia, niandike mimi. Niandike mkubwa wao."

"Ansgari, wewe?"

"Mimi." Akafungua kitambaa alichokuja nacho. Ndani mlikuwa na tarumbeta la shaba. "Baba wa babu yangu alikuwa askari wao. Alipanda kilima hiki akipuliza hili. Kwetu jambo hili husemwa mlango ukiwa umefungwa. Leo nimeufungua."

Odilia akamwandika. Kuanzia siku hiyo watoto walimkimbia Ansgari njiani. Wateja wakapeleka baiskeli kwa fundi mwingine. Mama mkwe wake alimwandalia ugali bila mboga, akamwambia mboga akaile kwa Mzungu wake. Ansgari akala ugali mkavu, akashukuru. Kisha akawashawishi shemeji zake na sauti nzito zote za kwaya, akapata maadui thelathini, akawavika makoti ya viroba vya unga yaliyochovywa kwenye majani ya chai, akawafundisha kutembea kwa mguu mmoja, kushoto-kulia, kama gwaride. Tarumbeta likilia, jamani, hata ng'ombe waliacha kutafuna.

Adui akawa amepatikana. Mazoezi yakaanza. Maadui wakapanda na bunduki za mbao, na wapiga mabati wakapiga mabati. Pa! Pa! Pa! Hakuna aliyeanguka.

"Wewe, umekufa!"

"Sijafa. Imenipita."

"Nimekulenga kifuani!"

"Niliinama, hukuona?"

Zoezi la pili likaja. Pa! Sijafa. Zoezi la tatu. Pa! Pa! Sijafa, na wewe ndiye umekufa, anguka! Vita vilikwenda hadi jua likawa utosini, na watu waliopigwa risasi saba walikwenda kunywa maji wakarudi vitani. Odilia alisimama katikati akilia kwa hasira.

"Ndugu zangu, babu zetu walikufa hapa! Ninyi mmewazidi ushujaa?"

Wote wakamgeukia Otmari Ndunguru. Otmari alikuwa mfyatua matofali, mabega kama mlango wa kanisa, na katika mieleka ya sikukuu hajawahi kuangushwa. Kama Otmari hafi, nani mwingine afe mbele ya mkewe?

"Msinitazame mimi," Otmari akasema. "Tangu nikue, mgongo wangu haujagusa ardhi mbele za watu." Akachukua bunduki iliyomlenga, akaitupa vichakani, akaenda zake.

Siku tatu kabla ya tarehe ishirini na saba akaja Rainfrida, muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, mwanamke mwenye ulimi mkali, na nyuma yake wanawake kama arobaini.

"Odilia, mwisho wa vita vyenu mmeukosea. Askari waligeuka kwa nini?"

"Kwa ushujaa wa babu zetu," wakajibu wanaume wote kwa pamoja.

"Ushujaa haukuwa na bunduki. Bibi yangu aliambiwa na mama yake, aliyekuwapo. Wanawake walikuwa nyuma ya kilima na vinu vitupu. Wakatwanga kwa pamoja, kama mchi mmoja. Askari waliposikia ardhi inatetemeka wakadhani jeshi lingine linakuja. Hapo ndipo walipogeuka. Tuwekeni kwenye vita."

Wanaume wakacheka hadi wakashikana mabega. Mmoja akauliza kama na sufuria nazo zilipigana. Odilia hakucheka. Moyo wake ulimwambia kwamba mama huyu anasema kweli. Lakini aliogopa.

"Dada Rainfrida, nikimwonyesha afisa vinu, atasema tumemwita kwenye harusi. Hapana."

"Sawa," Rainfrida akasema. "Vita ni vyenu." Akageuka, na wanawake arobaini wakageuka naye. Odilia alijua amemkosea, akarudi kwenye daftari lake.

Tarehe ishirini na saba ikafika, afisa akafika, mwavuli ukafika. Mlalasi yote ilikuwa chini ya kilima. Mpango ulikuwa hivi: mashujaa wa mbele watapigana na kufa, wakuu wa vita watajificha nyuma ya mawe kileleni, na ngoma kubwa ikilia watashuka na kuwafukuza maadui. Odilia mwenyewe aliwaapisha: bila ngoma, asitoke mtu hata akiumwa na nyoka.

Tarumbeta likalia. Maadui thelathini wakatokea na makoti yao ya chai, mguu mmoja, nyuso zimekaza, na Ansgari mbele. Kina mama wakawavuta watoto wao. Mabati yakapigwa. Pa!

Otmari akaanguka.

Alikuwa amerudi asubuhi ile akasimama mstari wa mbele, na hakuna aliyemwambia aanguke. Risasi ya kwanza tu, alianguka chali, puu, mbele ya mama mkwe wake na mbele ya wanamieleka watatu aliowahi kuwaangusha. Umati ukashtuka kwa sauti moja. Na Otmari alipoanguka, wengine wote wakapata ruhusa. Pa! akaanguka wa pili. Pa! wakaanguka watano. Waliokuwa hawafi kwa risasi saba sasa walikufa kwa moja, wakafa vizuri, wakafa kwa kupendeza. Afisa akaacha kutazama saa yake.

Kumbe Otmari alikuwa ameangukia njia ya siafu. Wakampanda. Waliingia shingoni, wakaingia masikioni, na watu wa mbele waliwaona. Otmari hakutikisa hata kope.

Hapo ndipo mvua iliponyesha. Ngoma kubwa ikalowa. Mpigaji akaipiga kwa nguvu zake zote, ikatoa sauti ya mtu anayekung'uta mto wa kulalia. Kileleni hawakusikia. Odilia akapiga kelele, mvua na mabati vikaimeza sauti yake. Na maadui wakaendelea kupanda, maana hakuna wa kuwazuia. Wakafika nusu ya kilima. Wakapita nusu. Mlalasi ilikuwa inashindwa vita ambavyo babu zao walishinda!

Ansgari akatupa jicho chini, kwa Odilia. Nigeuke? Lakini ageuke kwa sababu gani, afisa akiwa ametoa macho? Odilia alikiona kilima kimeshakuwa kokoto.

Ndipo ardhi ikatetemeka. Du! Du! Du!

Nyuma ya kilima, vinu arobaini, mchi mmoja. Mti haulowi sauti. Rainfrida hakwenda nyumbani siku ile aliyofukuzwa. Alikwenda kufanya mazoezi. Du! Du! Du! Sauti ile ilipita kwenye miguu ya watu kabla ya kufika masikioni. Sauti nzito za kwaya zikasahau kwamba ni maigizo. Viroba vikageuka, bunduki za mbao zikatupwa, watu wakakimbia kweli. Ansgari akapuliza tarumbeta la kurudi nyuma, na wakuu kileleni, waliosikia kishindo kisicho cha ngoma wakakiona kinatosha, wakashuka wakiimba. Mlalasi ilishinda! Watu walikumbatiana kwenye tope. Odilia alicheka na kulia kwa pamoja, na unga wote usoni ukawa uji.

Afisa aliuacha mwavuli ukipeperuka. Alikwenda moja kwa moja kwa Otmari, akainama.

"Baba, uko hai?"

Otmari akasema bila kufungua macho, "Mama, umeshaandika?"

"Bado."

"Basi sijafufuka."

Afisa akacheka hadi akashika magoti. Akatoa karatasi, akaiandika palepale juu ya mgongo wa adui mmoja. "Nimeona vita," akasema. "Hapa hapapasuliwi jiwe."

Nisipoteze pumzi kuwaeleza shangwe ile. Ilipotulia kidogo, watu wakakumbuka mkuki. Odilia akauleta. Alitembea polepole kuufikia umati, maana kitu pekee alichokuwa nacho cha babu yake kilikuwa kinaondoka.

Ansgari akajitokeza. "Bila adui hakuna vita. Nilikula ugali mkavu miezi mitatu. Dada, labda risasi iliyomwangusha babu yako ilitoka upande wa babu yangu. Sijui, na hakuna ajuaye. Ila nyumbani kwetu tumerithishana tarumbeta la aliyeua. Nataka wanangu warithi kitu kingine."

Wengine wakaguna. Mkuki wa aliyeuawa uende kwa kina Nditi? Wengine wakasema, na kwa nini usiende?

Otmari akajitokeza, masikio yamevimba kama maandazi. "Bila wa kufa hakuna vita. Jina langu lilikuwa moja tu: asiyeanguka. Nimelitupa mbele ya waliolitamani, siafu wakanila, na afisa alitoa karatasi akiwa ameinama juu yangu. Babu zetu walioanguka, ni nani leo aliyefanana nao kuliko mimi?"

Rainfrida akajitokeza, mchi begani. "Bila wa kushinda, mngeonyesha jinsi tulivyoshindwa. Hawa wawili waliombwa na kusubiriwa. Mimi nilifukuzwa, tena na mwenye mkuki, na nikaja. Kila mwaka mwanamume anatangulia, na sisi tunafuata nyuma na maji ya kunywa. Mama wa bibi yangu hakufuata na maji."

Odilia akamgeukia. "Nilikukosea, dada, na nilijua. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Rainfrida akasema. "Lakini msamaha siyo nilichokuja kuchukua."

Mtu mmoja akapaza sauti kwamba Odilia abaki na mkuki wake, kwani vita vyote alivianzisha yeye. Odilia akatikisa kichwa. Alikuwa ameshatamka, na wote walimsikia. Akaunyoosha mkuki mbele, na mikono mitatu ikanyooka kuupokea: mmoja una grisi ya baiskeli, mmoja umeumwa na siafu, mmoja una sugu za mchi.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkanimalizia karanga. Msiniambie mkuki ukatwe, mmeshasikia haukatwi vipande. Msiniambie urudi kwa Odilia, ameshaukataa. Aliyeuvaa uadui, aliyekubali kufa, na aliyekuja bila kuitwa: kama ni ninyi mmeushika, mngeuachia mkononi mwa nani?