Kitabu Kilichotunzwa Kama Mbegu

Paukwa!

Pakawa!

Mmenawa mikono? Nawaona mnacheka. Mtajua baadaye kwa nini nauliza.

Hapo zamani za kale palikuwa na mkulima, jina lake Mwinjuma, na bintiye, Siwema. Mama yake Siwema alikuwa amefariki. Aliwaachia kitabu cha nyimbo alizoziandika kwa mkono wake, na mmoja ulikuwa wimbo wa harusi ya Siwema.

Mwinjuma alikipenda kitabu kile. Sasa niambieni, mkulima huweka wapi kitu cha thamani? Alikitundika juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu. Moshi ukapanda, fuu, fuu. Mvuke wa ubwabwa ukapanda, fuu, fuu. Miaka mitano.

Zilipobaki siku tatu harusi ifike, akakitungua. Kitabu cheusi tii, kurasa zimegandana. Akashika kisu azibandue. Siwema akamnyang'anya kitabu, akakimbia nacho kwa Bi Mwanamvua, bibi kizee aliyewafundisha watu wa kijiji kizima kusoma.

Bi Mwanamvua hakumkemea mtu. Aliomba unyoya wa kuku. Akakiweka kitabu kivulini penye upepo, akisema jua la kuanikia mpunga si la kitabu. Akapitisha unyoya, fyu, fyu. Ukurasa mmoja, akapumzika. Fyu, fyu. Wa pili, akapumzika. Mwinjuma alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku ya tatu wimbo ukaonekana. Lakini ubeti wa mwisho ulikuwa umemeguka. Siwema akalia.

"Mwinjuma mwanangu," akasema Bi Mwanamvua, "mara ya mwisho ulikisoma lini?"

"Tangu msiba sijakifungua, bibi. Niliogopa kukiharibu."

"Basi uimbe huo ubeti. Mkeo alikuimbia wewe."

Mwinjuma akakohoa. Akaimba, sauti inakwaruza, machozi yanamtoka, mpaka mwisho. Siwema akauandika palepale. Harusini uliimbwa mara saba.

Kisha Bi Mwanamvua akamwamuru Mwinjuma achonge rafu ya kitabu. Ikae mbali na meko, isiguse ukuta, miguu yake iwe juu ya mawe mchwa wasipande, na majani makavu ya mwarobaini yawekwe ndani. Na kila Ijumaa Mwinjuma anawe mikono, akisome. Alinawa mpaka viwiko, masikini.

Tangu hapo watu wa kijiji kile husema: kitabu kinacholiwa na macho hakiliwi na mchwa.

Hadithi yangu nimeirudisha rafuni. Anayeitaka, anawe mikono kwanza.