Punda Aliyeomba Radhi kwa Mimba Yake

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kwa sauti ya wagonjwa? Nimekuja kuhadithia, sikuja kutoa pole. Tena! Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia watu. Kaeni vizuri. Wewe mtoto, acha kumvuta mwenzio nywele. Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmewasindikiza watoto, sogeeni karibu. Hadithi hii ni yenu zaidi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiajiriana, paliondokea Fisi. Fisi huyo alikuwa na kinu cha kushindikia mafuta ya ufuta. Alikipataje? Alikirithi kwa mjomba wake, hakukitolea jasho hata tone. Lakini ungemwona anavyotembea! Kifua mbele, matako yanaburuzika chini, na jina amejipa mwenyewe: Mwinyi Fisi. Wenziwe wakimwamkia shikamoo, yeye anaitikia kwa pua. Hmm!

Aliyekizungusha kinu ni Punda. Asubuhi anafungwa kidoto, kile kitambaa cha machoni, asije akashikwa na kizunguzungu. Anatiwa kwenye mti wa kinu, basi: kwii-kwaa, kwii-kwaa, anazunguka mpaka jua lizame. Kondoo alikuwa akiukanyaga ufuta kuutoa makapi. Bata alikuwa akiokota punje zilizomwagika. Na Kima ndiye nyapara. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ukuta na kufoka. "Kazeni! Kazeni!" Yeye mwenyewe hakukaza hata mkia.

Wote walifanya kazi huku wakiimba, maana kinu bila wimbo hakiendi. Fisi alijilaza barazani, tumbo juu, akiwapigia makofi. Pa! Pa! Pa! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kutwa.

Jioni mafuta yanaingia ndani kwa Fisi. Wafanyakazi wanapewa mashudu, yale machicha ya ufuta uliokwisha kamuliwa. Na mashudu yenyewe hayaliwi hivi hivi. Sharti wapange mstari. Sharti wapige magoti. Sharti waseme kwa pamoja: "Asante Mwinyi kwa huruma yako!"

Huruma! Mtu amezunguka kutwa, anakula machicha, halafu anashukuru huruma. Ptu! Siku Bata alipopondwa mguu na kinu alichechemea hadi barazani, akashukuru. Alimshukuru Mwinyi kwa kutomkaripia alipoutia ufuta damu. Wallahi, mimi ningekuwepo ningelia kwa hasira.

Basi Punda akashika mimba. Tumbo likakua, mwendo ukapungua. Kinu kikaanza kulia polepole. Kwiii... kwaaa. Kwiii... kwaaa.

Kima akaruka kutoka ukutani, mbio hadi barazani. "Mwinyi! Mwinyi! Punda amekuwa mzito!"

Fisi akaja, akamzunguka Punda, akamnusa. "Tumbo gani hili?"

"Ni mimba, Mwinyi," Punda akajibu, masikio chini.

"Mimba! Na ruhusa umepewa na nani?"

Fisi hakungoja jibu.

"Mimi niliajiri punda mmoja," Fisi akasema. "Wewe umeniletea wawili, na mmoja hafanyi kazi! Kima, mvue!"

Kwa Fisi mtu hafukuzwi kwa maneno mengi. Anavuliwa kidoto, kinarushwa nje ya ua. Kikianguka huko, nawe kifuate. Kima akakivuta kidoto, akakirusha. Puu! Kikaanguka vumbini. Punda akapepesa macho, jua likamchoma. Akawatazama wenziwe. Kondoo alikuwa anatazama kwato zake. Bata naye aliona punje ya muhimu sana pale chini, akaenda kuiokota.

Punda akatoka.

Sasa nisikilizeni. Kilikuwa kiangazi. Majani yamekauka, nyika imekuwa nyeupe, na simba wanapita wakitafuta mnyonge. Paa pekee alilokuwa nalo Punda ni la zizi nyuma ya kinu. Chakula pekee ni yale mashudu. Mtoto akizaliwa huko nje, mama hana maziwa na mtoto hajajua kukimbia, ni nani asiyejua yatakayompata? Punda alijua. Alilia usiku kucha.

Asubuhi Kondoo akaja kwenye ua, akanong'ona kati ya fito. "Ndugu yangu, wakubwa hawataki ubishi. Nenda ukaombe radhi."

"Niombe radhi kwa kosa gani?"

"We omba tu. Kosa Mwinyi mwenyewe atalitafuta."

Na Punda akaenda! Akapiga magoti na tumbo lake lile, pua imegusa vumbi. "Nisamehe, Mwinyi, kwa kupata mimba. Sitarudia tena."

Fisi akacheka. Kwa-kwa-kwa-kwa! Akacheka mpaka akajipindua. Kima naye akacheka, kwa kuwa bwana wake amecheka. "Nenda," Fisi akasema. "Ukishazaa, urudi tuone kama nafasi ipo. Na huyo mtoto usije naye hapa."

Mnacheka? Chekeni. Lakini kila mmoja wenu ajiulize mara ngapi ameomba radhi kwa kuugua, kwa kufiwa, kwa kuzaa. Eh! Naona kicheko kimeisha.

Punda akatoka, akajilaza kivulini nyuma ya ua, amechoka hata kulia hawezi. Ndani, Kima akafoka, Fisi akapiga makofi, na wafanyakazi wakaanza wimbo wao. Punda alikuwa akiuimba wimbo ule tangu ujana wake. Lakini anayeimba huku anavuta mti wa kinu hasikii kitu, anasikia mgongo wake tu. Leo hakuwa na mti. Alikuwa na masikio, na masikio ya punda mnayajua. Yakasimama.

*Zunguka kinu, zunguka,*
*Mwenye mimba hafukuzwi,*
*Azae, alee mwana,*
*Kazi yake haiuzwi.*

*Zunguka kinu, zunguka,*
*Mwenye donda atibiwe,*
*Bila kwanza kusikizwa*
*Mtu asiondolewe.*

Punda akakaa kitako. "Ati nini?" Akasikiliza tena. Mwenye mimba hafukuzwi. "Ebo! Si mimi huyu wanayeniimba?"

Akamwita Kondoo kwenye fito za ua. "Psst! Ndugu yangu, mnaimba nini humo?"

"Wimbo wa kinu. Umeshausahau?"

"Maneno yake yanasemaje?"

Kondoo akamkodolea macho. "Maneno? Sisi tunaimba ili kinu kiende. Habari za maneno mwulize aliyeutunga."

Punda akasonya, msonyo mrefu, akaondoka zake. Akashuka mtoni, na tumbo lake, hatua kwa hatua, mpaka kwa Bi Korongo, mkuu wa Baraza la Kazi. Bi Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, amefumba macho, kama kawaida yake.

"Bi Korongo, wimbo wa kinu ni wimbo tu, au una jambo?"

Bi Korongo akafumbua jicho moja. "Ni sheria. Mwaka ule wanyama walipokaribia kuuana kwa ajili ya kazi, baraza lilitunga sheria. Hatujui kuandika, basi tukazitia katika nyimbo, tukazipeleka kila kinu na kila shamba. Tulisema, anayeimba kila siku atajua." Akatikisa kichwa. "Kumbe tuliwaimbisha viziwi. Tangu mwaka ule, wewe ndiye wa kwanza kuja kuuliza."

"Basi, Bi Korongo, nakushtakia Fisi."

"Vyema. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ila sheria haina miguu, Bi Punda. Mimi nitakuja, na wewe uje na mashahidi."

Siku ya baraza ikafika. Bi Korongo akasimama uani pale pale kwenye kinu, kwa mguu mmoja. Fisi akaketi barazani, amejipaka mafuta, anang'aa. Akamwambia Kima kwa sauti ili wote wasikie, "Mlete yule Punda aseme, halafu turudi kazini."

Punda akaeleza yote. Bi Korongo akageuka. "Mashahidi?"

Kila mmoja akatazama pembeni.

"Kondoo, ulikuwepo Punda alipofukuzwa?"

"Nilikuwepo, Bibi, lakini sikuona. Nilikuwa nimeinama."

"Hukuona. Na kusikia je?"

"Sufu, Bibi. Sufu yangu imeziba masikio."

"Bata?"

Bata akafungua mdomo, akamtazama Fisi, akaufunga. Akaurudisha nyuma mguu wake uliovimba.

Lo! Punda akawatazama wenziwe. Miaka yote wamekula mashudu pamoja! Mtoto akampiga teke tumboni, akakumbuka kilichomleta. Akawaacha wale waoga na uoga wao. Akamgeukia Fisi. Alikuwa anamjua bwana wake vizuri, jinsi anavyopenda kujisikia anaposema.

"Mwinyi," akasema kwa upole, "hawa hawajui kitu. Lakini wewe ndiye mwenye kinu. Labda hukunifukuza wewe, labda alikutuma Kima."

"Nani, Kima?" Fisi akaruka. "Kima anaweza kunituma mimi? Nimekufukuza mimi, Mwinyi Fisi! Hapa hafukuzi mwingine!"

"Labda nilivunja kitu, nimesahau."

"Hukuvunja kitu! Nimekufukuza kwa hilo tumbo lako!"

"Na labda ulinisikiliza kwanza, mimi ndiye nilikosa la kusema."

"Nikusikilize wewe? Punda anasikilizwa tangu lini? Punda afe, mzigo ufike!" Fisi akawatazama wote, kifua kimemjaa, akingoja wamshangilie. Kima peke yake akapiga makofi. Pa! Pa! Halafu naye akaacha.

Bi Korongo akashusha mguu wa pili. "Ushahidi umetosha."

"Ushahidi wa nani?" Fisi akauliza. "Mbona hakuna aliyesema?"

"Umesema wewe. Punda arudi zizini leo. Apumzike, azae, alee. Mashudu yake ayapate kama kawaida, na nafasi yake asipewe mtu mwingine. Na huyo Bata nimeuona mguu wake. Mganga aje, na gharama ni juu yako. Ukikataa, baraza litakifunga kinu."

"Sheria gani hiyo? Mimi sijaisikia hata siku moja!"

"Unaipigia makofi kila siku," Bi Korongo akasema. Akaruka, akaenda zake mtoni.

Mwinyi Fisi akakitazama kinu chake. Afunge kinu? Ale nini, yule asiyejua hata kuvua kidoto kwa mkono wake? Akatii. Akatii kwa kununa, lakini alitii.

Jioni mashudu yakaletwa. Mstari ukapangwa, magoti yakapigwa, Kondoo mbele kabisa. "Asante Mwinyi kwa huruma yako kwa kumrudisha Punda!" Mnaona mambo? Punda akapita kando ya mstari, akachukua fungu lake, akala amesimama.

Kima akawaka. "We Punda! Hushukuru?"

Fisi akadakia, "Mwache. Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke."

"Walisema," Punda akajibu, anatafuna. "Walisahau tu kusema punda alifanywa nini kwanza."

Bata akasikia. Alikuwa amepiga magoti, mguu umefungwa dawa. Akainuka polepole, akasogea, akasimama karibu na Punda. "Mguu huu umeniuma tangu masika," akasema, akaanza kulia. Punda akamsogezea mashudu.

Punda akazaa zizini, chini ya paa. Mtoto wa kike, miguu mirefu, masikio makubwa kuliko kichwa. Akanyonya mpaka akashiba. Simba alipita nje, akanusa, akaenda zake.

Masika yaliyofuata Kondoo akaanza kuchechemea. Fisi hakumwuliza hata anaumwa wapi. Alimwonyesha lango tu. Kondoo akapita mbele ya zizi, anakwenda nyikani.

Punda akamzuia. "Unakwenda wapi? Hujasikilizwa! Twende kwa Bi Korongo. Wewe ulinikana, mimi sikukani. Nitakuwa shahidi wako, na Bata yupo."

"Hapana, ndugu yangu. Nitamuudhi Mwinyi."

"Ameshakufukuza! Akiudhika atakufanya nini zaidi?"

Kondoo akainua kichwa, akajitia heshima. "Mimi nina adabu zangu. Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana."

"Uungwana gani?" Punda akapiga kelele. "Wewe ufe, Mwinyi ashibe, halafu uitwe muungwana! Nani atakuita, na wewe umeshaliwa?"

Kondoo akampa mgongo. Akaenda. Punda akamtazama mpaka alipopotelea kwenye majani. Alimhurumia, na alimdharau, na vyote viwili vilimuuma. Akatema mate chini, akarudi kwa mwanawe.

Basi funzo lenyewe ni hili, wala silifichi: haki ya mfanyakazi si huruma ya tajiri. Ijue, kisha uidai kwa mdomo wako. Asiyeijua huomba radhi kwa kosa asilolitenda. Na anayeonyeshwa akaikataa, huyo hata Korongo hamwezi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda, aende nayo kazini kesho. Aliyeichukia, bila shaka ana kinu.