Beberu Aamua Zabibu Bora

Zabibu zilipoiva Hombolo, Mzee Chidosa, mwenyekiti wa wakulima, alimwamuru mjane Nyemo ang'oe mizabibu yake ya kienyeji.

"Zabibu bora ni zangu za Kifaransa. Hizo zako hata beberu wangu hazili!"

"Na akiziacha zako akala zangu, mzee wangu?"

"Thubutu! Hapo mizabibu yako itabaki, na mimi nitaomba vipando kwako."

Kesho yake makapu mawili yaliwekwa mbele ya wakulima wote. Beberu alizinusa za Kifaransa, akapiga chafya, akazivamia za Nyemo mpaka akalilamba kapu.

"Msinitazame mimi," alisema Nyemo. "Mwamuzi katoka nyumbani kwa mwenyekiti."

Kisha alikwenda kunawa mikono, maana chumvi aliyozipaka zabibu zake ilikuwa imeanza kumwasha.