Aliyetengeneza Zile Pumba

"Wewe? Wewe juzi tu ulikuwa unashika kipanya kama unaua mende!"

"Na wewe umezaliwa hatua mia kutoka mashineni, ukatengeneza pumba zinazodondoka kama maji. Usiniudhi, Sekela."

"Nani alikufungulia programu, Mbuke? Nani?"

"Na wewe nani alikufungulia macho?"

Ngojeni kidogo, wasikilizaji. Nimewaingiza kwenye ugomvi kabla sijawajulisha wagomvi. Wasichana walikuwa watatu, na ugomvi ulikuwa katika chumba cha kompyuta cha Mwalimu Kihwele, kwenye mji mdogo wa mpunga kule Mbarali, ambako mashine za kukoboa hunguruma tangu asubuhi. Kila msichana alikuwa na kipaji chake.

Sekela alikuwa na kipaji cha kung'ang'ania. Shule ilimkatikia kidato cha pili, lakini kitu akikianza hakiachi mpaka kimkubali. Mbuke alikuwa na jicho. Kazi yake ilikuwa kuzoa pumba kwenye mashine ya mpunga, na chochote alichokitazama mara moja aliweza kukuonyesha kwa mikono jinsi kinavyokwenda. Atuganile, mdogo kuliko wote, alikuwa hodari wa kukumbuka visivyoonekana. Tangu utotoni alichunga bata wa babu yake majarubani, na bata akishazama kwenye mpunga humwoni, lakini ole wako umsahau.

Sasa sikilizeni walichofanya.

Studio moja ya katuni ilitangaza kwamba inapokea filamu fupi za vijana, ili ichague wa kufundisha kazi hiyo. Sekela akaamua kutengeneza ya nusu dakika: bomba la mashine linatapika pumba, pumba zinapaa, na huko juu zinageuka kundi la ndege, kwelea wale wa mashambani. Kuzichora moja moja asingemaliza hata akizeeka. Lakini programu ina njia yake. Unaweka chanzo, chanzo kinatoa chembe maelfu, nawe unazipa chembe amri: mwendo, uzito, upepo, umri. Kila amri ina kisanduku chake cha namba. Sekela alikaa na visanduku hivyo miezi mitano. Alibadilisha namba, akatazama, akaandika kwenye daftari, akafuta, akabadilisha tena. Kuna siku chembe zilitoweka katikati ya safari kama taa zilizozimwa, kwa kuwa umri aliozipa ulikuwa mfupi. Kwa hasira akaziandikia umri mrefu kuliko wote uliokubaliwa na kisanduku. Mwishowe zikatii. Zilitoka bombani, zikapaa, zikawa ndege.

Bado hakutulia. Kitu fulani kilikuwa hakijakaa sawa, na hakujua ni nini.

Mbuke aliingia siku moja kuchaji simu, nywele zimejaa vumbi la mashine. Akatazama kioo cha kompyuta, akacheka.

"Shoga, hayo ni maji?"

"Ni pumba."

"Pumba za wapi? Pumba hazina uzito mmoja. Nzito zinakuangukia miguuni, nyepesi zinakwenda mpaka kwenye sufuria za mama lishe. Na upepo hauvumi kama feni. Unavuta pumzi."

Akasimama, akaonyesha kwa mikono: hivi, unanyamaza, halafu hivi. Kwa siku tisa alikuja baada ya kazi, akikohoa, akisema "punguza", "hapana", "hapo hapo", huku Sekela akibadilisha namba. Siku ya tisa Mwalimu Kihwele alipita nyuma yao, akatazama kioo, na bila kufikiri akafunika kikombe chake cha chai kwa kiganja.

Ikabaki kuitoa filamu, yaani kuiacha kompyuta iunganishe picha zote ziwe faili moja la kutuma. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa Ijumaa saa kumi alasiri. Asubuhi ya Ijumaa hiyo kompyuta ilifika sekunde ya kumi na moja, ikaganda. Wakaizima, wakaiwasha. Kumi na moja, ikaganda. Sekela akawa anazunguka chumbani akiuma kucha.

"Tupunguze pumba," Mwalimu akasema.

"Tukipunguza hazitakuwa pumba," Mbuke akajibu. "Itakuwa mtu anarusha karanga."

Mchana Atuganile, jirani yake Mbuke, akaja kumletea chakula. Hakujua hata kisanduku kimoja cha programu ile. Akaitazama filamu ikiganda mara tatu, kisha akauliza:

"Dada Sekela, zile za mwanzo ziko wapi?"

"Zimetoka nje ya picha."

"Nimeona. Sasa ziko wapi?"

Sekela akaisogeza picha nyuma ili aone nje ya mipaka yake. Zilikuwa hai zote, maelfu kwa maelfu, nje ya picha. Kwa sababu ya umri ule mrefu, kompyuta ilikuwa bado inabeba kila moja.

"Kama hazirudi," Atuganile akasema, "ziacheni zife."

Wakazipa pumba sekunde chache tu, za kutosha kuvuka picha. Saa tisa na nusu filamu ikatumwa kutoka anwani ya Mwalimu, bila jina la msichana yeyote.

Baada ya wiki tatu jibu likaja. Mafunzo ya miezi tisa, malazi, na kazi baada ya hapo. "Tuna nafasi moja," barua ilisema. "Tunamtaka yule aliyetengeneza zile pumba." Aripoti kesho asubuhi. Usafiri pekee siku barua ilipofika ulikuwa lori la mchele, linaloondoka saa sita mchana.

Hapo ndipo mlipowakuta wakigombana.

"Miezi mitano!" Sekela alisema. "Bila mimi mngekuwa mnatazama kioo cheusi. Masomo yalishaniponyoka mara moja. Safari hii siachii."

"Na bila mimi wangeandika asante kwa maji," Mbuke akasema. "Barua imetaja pumba. Nikibaki mimi, nabaki na pumba za kweli na kifua hiki."

Wakamgeukia Atuganile.

"Mimi nilikaa dakika kumi," akasema taratibu. "Lakini bila dakika hizo filamu ingekuwa humu humu ndani."

"Swali moja tu!" Sekela akafoka.

"Ndiyo, dada. Moja, ambalo kwa miezi mitano hukuliuliza."

Mbuke akataka wapige kura. Sekela akakataa: kura ni ya kugawana soda. Atuganile akataka Mwalimu aombe nafasi tatu.

"Nimeshapiga simu," Mwalimu Kihwele akasema. "Kitanda ni kimoja, na jina lisipofika leo anachukuliwa mtu wa mji mwingine. Na msinieleze shida zenu, za kila mmoja nazijua. Barua haiulizi nani ana shida. Inauliza nani alitengeneza pumba."

Akachukua kalamu. Akaandika "Anayekuja kwenu ni", kisha mkono ukasimama.

Basi wasikilizaji, kalamu hiyo naikabidhi kwenu. Aliyezipa pumba amri, aliyezipa mwendo wa kweli, au aliyezipa mwisho? Msinijibu kwamba ni wote watatu, hilo hata wao wanalijua. Taja jina moja, na uwe tayari kuwatazama usoni wale wawili. Lakini taja upesi, maana dereva wa lori ameshasukuma mlango. Ameona wasichana watatu, na kila mmoja amefungasha begi lake. Akamgeukia Mwalimu na kusema:

"Siti ni moja, Mwalimu, na injini inaunguruma. Anapanda nani?"