Kigoda cha Naam

Ko! Usiku ulitoa mlio mmoja tu, wasikilizaji wangu: kifuniko cha kisima. Mwanakheri akachungulia, akaliona zimwi likinywa maji ya kijiji kizima. Liliposhiba likajigeuza mtu. Alikuwa jumbe wa kijiji mwenyewe! Kwa hofu, jina hilo hakulitaja kwa mtu.

Wanawake walipolalamika kwamba watoto wanakunywa tope, jumbe alicheka. "Basi tuwape nafasi barazani. Dada Mwanakheri, karibu kigodani!"

Desturi ya baraza ni kusema ukiwa umeketi, na kigoda kile kilikuwa kimerogwa.

"Kisima kimekaushwa na jua?" jumbe akamuuliza.

Neno likapanda kutoka kwenye kigoda hadi ulimini mwa Mwanakheri. "Naam."

"Wanawake wameridhika?"

"Naam."

"Mnaona? Mwenzenu amekubali! Basi mwizi wa maji hayupo?"

Pale uani binti wa Mwanakheri akakohoa tope. "Mama, kiu!"

Mwanakheri akauma ulimi, akainuka, akaketi mavumbini kati ya wanawake wenzake.

"Rudi kitini, dada, unatuaibisha," jumbe akabembeleza, meno yakimrefuka.

"Kikalie mwenyewe," akajibu, na sauti ilikuwa yake. "Mwizi yupo, nilimwona kwa macho yangu. Ni wewe, Jumbe Fumbwe!"