Kopo la Bibi Holo

“Kopo lako, mama! Kopo lako ndilo lililomziba mwanangu masikio!”

“Na kinywa chako wewe, mkwe wangu, nani alikiziba?”

Ngojeni, wenzangu, msiamue bado. Hapo zamani, zamani ya karibu tu, palikuwa na kijiji ambacho watu wake hawakumaliza dawa. Ukipata nafuu, vidonge vinavyobaki unampelekea Bibi Holo, naye anavitia katika kopo la majani ya chai. Mwingine akiugua, anakwenda kuomba kama anavyoomba moto au chumvi. Aliyemaliza dozi yake yote aliitwa mchoyo.

Siku moja Limi, mtoto wa Nyanjige, akashikwa na homa, shingo ikakakamaa. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Bibi Holo akafungua kopo. Akachagua vile vya rangi mbili, akamwaga unga wake kwenye uji, akamlisha mjukuu wake. Homa ikashuka kidogo. Vidonge vikaisha.

Nyanjige akakimbilia kwa Masunga, mwenye duka la dawa. Masunga hakuuliza anayeumwa ni nani wala anaumwa nini. Alishika mkasi, akakata kipande cha pakiti, akampa. Homa ikashuka tena, kisha ikarudi na hasira.

Mto ulipopungua, Nyanjige akambeba mwanawe hadi hospitali. Daktari akamuuliza, “Mama, amekunywa dawa yoyote kabla ya kuja?”

Mama aliyemtangulia alikuwa amejibu ndiyo, na nesi akamkaripia mbele ya watu: “Mkishajifanya madaktari huko kwenu, ndipo mnatuletea sisi!” Benchi zima likacheka. Nyanjige akavuta khanga hadi machoni, akasema, “Hapana, daktari. Hajanywa kitu.”

Wakapima maji ya uti wa mgongo. Wadudu hawakuonekana. Ile dawa kidogo haikuwaua, iliwaficha tu. Daktari akadhani ni malaria, akatibu malaria. Limi alipoanza kutupa mikono na miguu, ndipo Nyanjige akapiga magoti na kusema kweli. Dawa ikabadilishwa, akatibiwa homa ya uti wa mgongo. Limi akapona, lakini tangu hapo ukimwita hageuki. Kijijini wakaambiwa ni homa tu, habari ya vidonge haikutajwa.

Basi huo ndio ugomvi mliousikia. Masunga alikuja kutoa pole akaukuta umewaka, naye akatukanwa na pande zote mbili. Katikati yao Limi alikuwa amekaa chini, anapukuchua mahindi, anatabasamu. Hakuwa amesikia hata tusi moja.

Wakamwona. Sauti zikashuka.

Bibi Holo akasema, “Nilimpa kwa mapenzi. Mtoto anachemka, ningekaa namtazama? Lakini mkono uliompa kwanza ni huu. Kosa ni langu.”

Masunga akavua kofia. “Bibi, wewe hukujua. Mimi nilisomea. Nilijua dozi haikatwi kwa mkasi. Niliogopa nikikataa nitaitwa mchoyo. Kosa ni langu.”

Nyanjige akasema kwa sauti ndogo, “Ninyi hakuna aliyewauliza. Mimi niliulizwa. Neno moja tu lilitakiwa, nikalimeza, kwa kuwaogopa watu wa benchi ambao hata majina yao siyajui. Kosa ni langu.”

Wakainama wote watatu.

“Hodi humu!” Alikuwa Kabula, jirani yao, mtoto wake mgongoni amelegea kama kitambaa. “Bibi, kopo bado lipo? Mwanangu anachemka.”

Kumnyima bila kumweleza ni uchoyo. Kumweleza ni kumwonyesha Limi na kusema, tazama tulichofanya. Na neno likishafika kwa Kabula, limefika kijiji kizima.

Je, kati ya hawa watatu, nani alistahili kuinuka amjibu? Aliyetoa kwa mapenzi? Aliyejua akanyamaza? Au aliyeulizwa akadanganya?

Msikae mkibishana sana, wenzangu. Kabula bado amesimama mlangoni, anasema:

“Mbona mmeinamisha vichwa? Nipeni hata viwili vitatu, mto unajaa.”